Hivi hizi dokumentari za maisha ya wanyonge, wanyonge wenyewe huwa wanaziona?

#1 Mwana_wa_Kirumba
Wakuu heshima kwenu, niende moja kwa moja. Kila mwaka tunasikia filamu fupi au dokumentari kuhusu watu wetu imeenda Toronto, imeenda Cannes, imebeba tuzo, picha za watu wamevaa suti wameshika kikombe, na ndani ya filamu yenyewe ni mama anakaanga mapanki (ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishatolewa), mtoto wa mtaani, mvuvi, mtu mwenye ualbino, mkimbizi. Swali langu dogo tu: yule mama ameiona hiyo filamu? Na kama hajaiona, ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Mimi mtu wa Mwanza kwa hiyo mfano wangu ni ule ule, Darwin's Nightmare ya 2004 ya yule Muaustria Hubert Sauper. Ikateuliwa Oscar, ikachukua César kule Ufaransa, dunia nzima ikajua sangara wetu na zile ndege za Ilyushin zinazobeba minofu kwenda Ulaya. Huku kwetu wengi tuliisikia siku Rais Kikwete alipokuja kuilaani mwaka 2006, yakafuata maandamano. Yaani watu wanaandamana kupinga kitu ambacho wengi wao hawajakiona hata dakika moja. Mimi nimekuja kuiona baadaye sana kwenye flashi ya mshkaji, tena na maandishi ya Kifaransa chini. Msimamo wangu ni huu, filamu ya wanyonge isiyoanza kuonyeshwa kwa wanyonge ni biashara kama ile ya minofu, nyama inapanda ndege huku tunabaki na mifupa. Karibuni.

#2 kokoto_nene
Nimeweka kiti hapa nasubiri wajuvi. Ila hiyo ya mifupa umeua mkuu.

#3 Fundi_wa_Harusi
Naomba niongee maana hii kazi naijua kwa nyuma. Mimi ni mpiga video wa harusi na send-off, lakini wakija wageni wa dokumentari wanatutafuta sisi hawa hawa tuwabebee mguu wa kamera na tuongee na wenyeji. Mambo niliyoyaona sitaki kutaja kampuni ya nani.

Bibi mmoja kaambiwa atoke ndani abebe ndoo aende kisimani. Kaenda. Karudi. "Mama samahani rudia, ila usiangalie kamera." Kaenda tena. Jua likawa limehama, karudishwa tena ili mwanga ufanane. Ile ndoo mara zote ilikuwa ina maji kweli, hakuna aliyefikiria kumwagia nusu. Halafu ikaja fomu, kurasa kadhaa za Kiingereza, mkalimani akasema "hii ni ya kukubali tu picha" bibi akapakwa wino wa peni kwenye dole gumba akasaini. Nikamuuliza baadaye umesaini nini, akasema "si wameniambia ni picha".

Na kitu kingine ambacho mkiangalia hizi filamu mtakiona, kwanini nyumba za maskini kwenye dokumentari ziko kimya hivyo? Kwa sababu jambo la kwanza mtu wa sauti akiingia anasema zima redio. Wimbo ukiingia kwenye maiki baadaye watadaiwa haki za muziki, na pia hawawezi kukata na kuunga maneno. Kwa hiyo nyumba ambayo kutwa ina taarabu na mpira inaonekana kama kuna msiba. Watu wa nje wanadhani maskini hawacheki.

#4 Mama_Kubwa_Igoma
@Fundi_wa_Harusi hiyo ya redio sikuwahi kuiwaza kabisa. Sasa nimeelewa.

#5 Mtetezi_wa_Sangara
@Mwana_wa_Kirumba umeanza na mfano mbaya. Shida ya ile filamu haikuwa kwamba hatukuonyeshwa, shida ilikuwa inasema kweli au inadokeza tu. Ile habari ya ndege kuja na silaha na kuondoka na samaki, umeona silaha mle? Unaona marubani wanaongea wamelewa, unaunganishiwa mwenyewe kichwani. Kuna mwanahistoria wa Ufaransa anaitwa François Garçon alimvaa kwa hilo, na la mapanki pia, akisema mengi ni ya chakula cha mifugo.

#6 Mwana_wa_Kirumba
Mkuu maliza basi hadithi. Sauper alimshtaki huyo Garçon kwa kumchafua na mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi 2008. Na mapanki ya mifugo tu? Njoo jioni nikupeleke yanapokaangwa, utakula na pilipili utaomba uongezwe.

#7 Mtetezi_wa_Sangara
Kushinda kesi ya kuchafuliwa jina sio sawa na kuthibitisha bunduki. Mapanki nimekula sana sibishi.

#8 Shosho_wa_Pangani
Wasee mimi naandika nikiwa Nairobi, mniwie radhi Kiswahili changu. Hii kitu ya kusema hatuoni inategemea. Softie ya Sam Soko, ile ya mwanaharakati Boniface Mwangi, ilianza tamasha la Sundance kule Marekani 2020 ikatoka na tuzo ya uhariri, halafu mwaka huo huo ikaingia sinema hapa Nairobi na corona ikiwa bado iko. Watu walienda. Na juzi juzi hii 2025, Blood Parliament, ile ya waliopigwa risasi pale Bungeni 25 Juni 2024 kwa maandamano ya Finance Bill. Ilitoka mwisho wa Aprili, onyesho lililopangwa kwa ukumbi mmoja hapa likafutwa, lakini wapi, siku mbili tu iko kwa kila simu, kwa matatu, kwa kinyozi. Hakuna mtu alingoja festival. Kwa hivyo shida si watu hawataki, shida ni ile mlango imefungwa.

#9 mhariri_wa_usiku
@Shosho_wa_Pangani sahihisho dogo, Blood Parliament ni ya BBC Africa Eye. Hiyo sio filamu huru, ina shirika zima nyuma yake, wanasheria, watu wa kuchambua picha na video elfu kadhaa mpaka wanamtambua aliyefyatua. Mtu huru mwenye kamera moja hawezi hayo.

#10 Shosho_wa_Pangani
Sawa boss lakini waliokamatwa Mei walikuwa nani? Si ni mafilmmaker wanne wa kawaida tu, na BBC ikasema hawakuhusika hata na hiyo kazi. Kwa hivyo shirika lina wanasheria, huru ndio analala ndani.

#11 mhariri_wa_usiku
Hapo sina la kujibu.

Nirudi kwa mleta uzi. Mimi ni mhariri, nakata hizi filamu, wacha niwaambie kwanini bibi haoni. Sio roho mbaya ya dairekta mara zote. Matamasha mengi makubwa yanataka filamu ndefu iwe haijaonyeshwa popote, wao ndio wawe wa kwanza. Ukishaionyesha kijijini na mtu akarekodi kwa simu akaweka YouTube, umejifungia mlango. Baada ya tamasha la kwanza yanafuata mengine, mwaka unakata. Halafu televisheni ya Ulaya iliyoweka hela inataka haki za kuonyesha kwao, msambazaji anachukua nchi zilizobaki, na Afrika inaandikwa mwisho kabisa wa mkataba au haiandikwi. Unafungua intaneti Buguruni unaambiwa video hii haipatikani nchini kwako, wakati filamu imepigwa Buguruni. Filamu fupi zina nafuu kidogo, masharti yake sio makali hivyo, lakini fupi nayo haina soko, nani atakulipa kwa dakika kumi na tano?

#12 kokoto_nene
Kwa hiyo bibi anasubiri Wazungu wamalize kuangalia ndio aone yeye. Sawa.

#13 Mpemba_Asilia
Nyie mnasema hakuna pa kuonyesha, hivi ZIFF hamuijui? Tamasha la filamu la Zanzibar, liko tangu miaka ya tisini mwishoni, pale Ngome Kongwe, usiku, upepo wa bahari, na walikuwa wanatoka na skrini kwenda mashamba Unguja na Pemba. Mie nilikuwa mdogo, gari likifika watoto tunakaa nyuma ya skrini tunaona maandishi yamegeuka na tunafurahi vilevile. Walionyesha filamu za Waafrika huko, sio karate tupu.

#14 Mama_Kubwa_Igoma
@Mpemba_Asilia na pale Ngome Kongwe mbele wanakaa nani? Watalii. Mwenyeji yuko Forodhani anauza urojo.

#15 Mpemba_Asilia
Urojo nao kazi jamani. Anauza halafu anaingia.

#16 Kisanganien_1
Jambo ba ndugu. Miye niko Kisangani. Mbona bote munaongea Bazungu? Ile filme ya Dieudo Hamadi, En route pour le milliard ya 2020, ni filme ya mutoto wa huku huku. Inaonyesha bantu bale baliumizwa mu vita ya siku sita, mwezi wa sita 2000, wakati jeshi ya Rwanda na ya Uganda balipigana katikati ya muji yetu. Bengine balikatwa miguu. Bakapanda boti bakashuka na mto mpaka Kinshasa kwenda kudai haki yao. Mvua inanyesha usiku, bote bako chini ya turubai moja, kila mutu anashika upande yake isipeperuke, na magongo yao iko chini mu maji. Hamadi alikuwa humo ndani pamoja nabo, alilowa sawa nabo. Hakuna kumuambia mutu rudia. Na baadaye Uganda ikaambiwa ilipe, dola milioni 325. Ile filme njo ilisaidia.

#17 Wakili_wa_Kata
Ndugu yangu @Kisanganien_1 nakubali filamu ni kali lakini tuweke tarehe sawa. Kongo ilifungua kesi dhidi ya Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague mwaka 1999. Hukumu kwamba Uganda inawajibika ilitoka Desemba 2005, hapo filamu haikuwepo hata kwenye mawazo. Kilichotoka Februari 2022 ni kiasi cha fidia, hizo milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65, na ya kwanza Uganda ililipa Septemba mwaka huo. Majaji hawakuangalia filamu.

#18 Kisanganien_1
Sawa mwalimu. Lakini nikuulize, nani alikuwa anajua habari yetu Kinshasa mbele ya ile boti? Hukumu ilikuwa 2005, bantu bakakaa miaka zaidi ya kumi na tano hakuna mutu anababeba. Pesa ya sasa inapita mu mfuko ya serikali ya kulipa bantu baliumizwa, banaita FRIVAO, na bengi bangali wanangoja. Mahakama iliandika karatasi. Sura ya wale bantu iliandikwa na Hamadi.

#19 Wakili_wa_Kata
Hilo la sura nakupa.

#20 jicho_la_kenge
Mimi naona nyote mnazunguka. Jibu ni hela. Dokumentari za namna hii haziishi kwa tiketi, zinaishi kwa ruzuku. Mtoa ruzuku ana fomu, na kwenye fomu kuna swali filamu yako inahusu tatizo gani. Haulizwi inahusu nani. Kwa hiyo kijana wa Tandale ana hadithi ya kuchekesha ya mjomba wake anayefuga njiwa, ataiacha, ataandika ukeketaji, mabadiliko ya tabianchi, wakimbizi, kwa sababu ndiko dirisha lilipo. Baada ya miaka kumi tuna filamu mia za shida na hakuna hata moja ya njiwa.

#21 kokoto_nene
Naomba hiyo ya njiwa aisee.

#22 Shosho_wa_Pangani
@jicho_la_kenge si zote. Docubox hapa Nairobi, ile Judy Kibinge alianzisha, inasupport documentary za watu wa East Africa na pesa yake ina masharti mengine kabisa. Na yeye mwenyewe alitengeneza Scarred 2015 juu ya mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, wale wanaume walikusanywa kwa uwanja wa ndege bila nguo na maji siku kadhaa na jua lile. Hiyo hakuna Mzungu alikuja kuuliza iko na impact gani. Wajane walikuwa wananyamaza miaka thelathini.

#23 Mwana_wa_Kirumba
Sawa, lakini wajane hao wameiona?

#24 Shosho_wa_Pangani
Wewe uko na wimbo mmoja tu boss 😂

#25 Zeru_na_Fahari
Naomba nipingane na mleta uzi kwa mfano hai. Mdogo wangu ana ualbino, tuko kanda ya ziwa. Kuna dokumentari inaitwa In the Shadow of the Sun ya 2012, ya Muingereza Harry Freeland, inamfuata Josephat Torner akizunguka vijijini kuongea na watu wakati ule mauaji yamepamba moto, na kijana mmoja wa Ukerewe anayetafuta kusoma. Torner anaingia mpaka kwa waganga kuwauliza ana kwa ana. Baada ya filamu huyo Freeland akaanzisha shirika, Standing Voice, linafanya kliniki za ngozi na macho. Mdogo wangu anapaka Kilisun, ile losheni ya jua inayotengenezwa KCMC Moshi, na amepimwa macho akapewa miwani na kile kidude cha kusomea ubaoni. Alikuwa anakaa dawati la mbele kabisa na bado anakopi kwa jirani. Kwa hiyo kusema filamu zinaacha mifupa tu, sio kweli kwa nyumba yetu.

#26 Mtetezi_wa_Sangara
Huo mfano mzuri dada na tumshukuru Mungu. Ila angalia vizuri, kilichosaidia ni kliniki. Mtu angeweza kuanzisha kliniki bila filamu.

#27 Zeru_na_Fahari
Angeweza. Mbona kabla ya filamu hakuja mtu?

#28 Mura_wa_Mugumu
Mimi niko na la moyoni kuhusu idhini. Kwetu Serengeti ipo dokumentari ya 2018, In the Name of Your Daughter, kuhusu mabinti wanaokimbia kukeketwa msimu wa Desemba wanakimbilia Nyumba Salama ya Rhobi Samwelly pale Mugumu. Kazi ya Rhobi naiheshimu asilimia mia, tena inahitaji moyo wa chuma maana unarudishwa mtoto kwa wazazi na polisi wapo na bado huna uhakika. Swali langu ni la watoto. Binti wa miaka kumi na mbili amekimbia kwao usiku, nani anasaini kwa niaba yake? Mzazi ndiye aliyemkimbia. Leo anakubali, ana hasira, anataka dunia ijue. Akifika ishirini na tano ameolewa kijiji cha tatu, mtu anafungua simu anamuona analia akiwa mtoto. Hapo sijasema wasipige. Nauliza tu nani mwenye ile picha.

#29 Mama_Kubwa_Igoma
Hili zito. Ficheni sura basi?

#30 mhariri_wa_usiku
Ukificha sura filamu inakufa, nasema kama mhariri. Watu wanafuata macho. Lakini ukiacha sura anaweza kufa mtu. Tunabishana hivi chumbani kila kazi na jibu la jana halifai kesho.

#31 dogo_kibanda_umiza
Mimi nina kibanda umiza, kile cha kuonyesha mpira na video kwa kiingilio, naomba niwaambie ukweli wa mteja. Nimewahi kuweka dokumentari moja ya wachimbaji wadogo, nikasema hawa hawa wateja wangu ni wachimbaji watapenda. Dakika ya saba mtu anasema "dogo weka Chelsea." Hawataki kuja kulipa hela wakaangalie shida zao tena polepole, bila ngumi. Mnasema hawapati nafasi ya kuona, mimi nawaambia nimewapa nafasi wakaikataa.

#32 kokoto_nene
Ungemweka DJ Afro, yule Mkenya anayetafsiri filamu kwa sauti na vichekesho, juu yake. "Tunamuona hapa stelingi wetu anashuka shimoni bila helmeti, hana habariiii..."

#33 dogo_kibanda_umiza
😂😂😂 unacheka lakini ingejaa. Zama za Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu, mtu alikuwa anaangalia hata filamu ya Kikorea ya kilimo mpaka mwisho.

#34 jicho_la_kenge
Utani huo una hoja ndani yake. Filamu zinatoka na maandishi ya Kiingereza chini, mtazamaji wa kibandani amekaa nyuma kabisa na skrini ni ya inchi thelathini na mbili, hata angejua Kiingereza hasomi kitu. Wanaongea Kisukuma mle ndani na mtu wa Lindi hapati. Sauti ya juu ya Kiswahili sio dhambi, matamasha ndio hayaipendi.

#35 Mkazamwana_Kilifi
Mimi nitasema ya kwetu pwani ya Kenya. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, 2019, Kenya iliipeleka kugombea Oscar. Kijana anaitwa Karisa yuko mjini, anasikia nyanyake wa miaka tisini na kitu anaitwa mchawi na jamaa zake, anarudi nyumbani kujua kulikoni. Nilidhani nitakasirika maana wageni wakija Kilifi huwa wanataka uchawi tu, ngoma na moshi. Hii haikwenda huko. Ule uchawi ukiufuata mpaka mwisho unakuta shamba. Ni ardhi, ni nani atairithi, mzee akifa mapema inagawika. Na yule nyanya si wa kuonewa huruma hata, analima na jembe lake, anawajibu, anacheka. Wale walioitengeneza walikaa nao miaka, hawakuja wiki mbili. Kwangu mimi tofauti iko hapo kwa muda, wala si rangi ya dairekta.

#36 Mtetezi_wa_Sangara
Sauper naye alikaa sana ziwani.

#37 Mkazamwana_Kilifi
Akaondoka na nini? Nyanya wa Kilifi nimemjua namna anavyoongea. Wale wa filamu yako unakumbuka jina la hata mmoja?

#38 Mtetezi_wa_Sangara
Namkumbuka mlinzi wa usiku na upinde wake wa mishale ya sumu. Jina hapana.

#39 Rwot_Diaspora
Mimi Mganda, Kiswahili cha jeshini mnisamehe. Mnakumbuka Kony 2012? Video ya nusu saa ya Wamarekani kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, ikaangaliwa mara milioni mia moja ndani ya wiki moja. Mwezi huo huo wa Machi wakaionyesha Lira, kaskazini mwa Uganda, watu walikuja maelfu, wengine walikuwa wametembea mbali, wengine wamekatwa midomo na masikio na hao hao waasi. Wakaona mtoto wa Mmarekani anaelezwa na babake kwamba Kony ni mtu mbaya. Wakaona fulana na bangili. Walikasirika mpaka mawe yakaruka na maonyesho yakasimamishwa. Kwa hiyo @Mwana_wa_Kirumba kuonyesha kwa wenyewe kunaweza kukuletea jibu ambalo hukulitaka.

#40 Mwana_wa_Kirumba
Lakini mkuu hilo ndilo nalolitaka! Wakirusha mawe si ndio maoni yao. Bora mawe Lira kuliko makofi New York.

#41 Wakili_wa_Kata
Watu waliumizwa pale, tusifurahie mawe sana.

Halafu kuna jambo hamjaligusa, vibali. Tanzania tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Kupiga filamu kunahitaji kibali na kuonyesha hadharani nako kuna Bodi ya Filamu. Mabadiliko ya 2019 yakaongeza kwamba mgeni akipiga hapa akabidhi na nakala ya picha alizochukua. Sasa wewe unafuatilia wafugaji wanaohamishwa, umeongea na mtu kwa siri, halafu ukabidhi picha ghafi zote. Nani ataongea na wewe? Kwa hiyo wengine wanapiga kimya kimya, na filamu iliyopigwa kimya kimya haiwezi kuja kuonyeshwa uwanja wa shule na mwenyekiti wa mtaa amekaa mbele.

#42 Shosho_wa_Pangani
Kwetu pia. Rafiki ya Wanuri Kahiu 2018, ya wasichana wawili wanaopendana, filamu ya kwanza ya Kenya Cannes, ikapigwa marufuku nyumbani mwaka huo huo. Korti ikafungua siku saba pekee, sinema zikajaa mpaka wakaongeza maonyesho, siku saba zikaisha ikafungwa. I Am Samuel ya Peter Murimi 2020, hiyo ni documentary sasa, ya mwanaume anayependa mwanaume mwenzake, 2021 ikapigwa marufuku vilevile.

#43 Mura_wa_Mugumu
Hizo mbili usiziweke fungu moja na za wachimbaji. Zimekatazwa kwa maadili.

#44 Shosho_wa_Pangani
Na Samuel si mtu ametengwa? Ukichagua mnyonge unayempenda hapo umeshaanza kuwa bodi.

#45 Mura_wa_Mugumu
Tutaishia hapo tusije kufungiwa uzi.

#46 Bint_Garissa
Mbona hamjataja Watu Wote? Ya 2017, dakika ishirini na kitu, ile ya basi la Mandera lililovamiwa na al-Shabaab Desemba 2015, Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo mbele ya bunduki, kina mama wakawavisha wenzao hijabu. Iliteuliwa Oscar ya filamu fupi. Mwalimu Salah Farah aliyepigwa risasi siku ile akafariki Januari. Kila nikiiangalia nalia.

#47 jicho_la_kenge
Nzuri sana lakini ni ya wanafunzi wa Hamburg, dairekta Katja Benrath. Waigizaji na mafundi wa kwetu, jina la juu la kwao. Na sio dokumentari, imeigizwa.

#48 Bint_Garissa
Mimi sikuuliza pasipoti yake. Wasomali wa kaskazini tumezoea kwenye filamu sisi ndio wenye bunduki. Pale tulikuwa abiria.

#49 Fundi_wa_Harusi
Nilitoka kazini nimerudi uzi umekimbia. Naona hakuna aliyesema kuhusu malipo. Wenye hizi kazi wanasema dokumentari hailipi mhusika kwa sababu ukimlipa atasema unachotaka. Sawa. Lakini mpiga kamera kalipwa, dereva kalipwa, mimi nimelipwa, hoteli imelipwa, bibi mwenye hadithi yake kapewa sabuni ya mche na kilo ya sukari. Kazi ya shamba siku hiyo hakwenda. Mpeni hata posho ya siku, muite fidia ya muda.

#50 mhariri_wa_usiku
Wapo wanaotoa sasa, wanaandika kwenye bajeti kabisa. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, Thank You for the Rain ya 2017, alipewa kamera na Mnorwe Julia Dahr akajirekodi mwenyewe miaka kadhaa. Ukame, mafuriko, paa linaezuliwa usiku na yeye kashika kamera na watoto wamekusanyika pembeni. Mpaka akafika mkutano wa tabianchi Paris 2015 akaongea. Mle hakuna wa kumwambia rudia na ndoo.

#51 jicho_la_kenge
Na nani alihariri?

#52 mhariri_wa_usiku
Uhariri ulifanyika kwao Ulaya. Najua unakoelekea.

#53 jicho_la_kenge
Nimenyamaza.

#54 Mama_Kubwa_Igoma
Sasa jamani mimi nimesoma yote na uji umeungua. Tufanye hivi, @Fundi_wa_Harusi una projekta, @dogo_kibanda_umiza una spika, tuonyeshe moja huku Igoma uwanja wa mpira tuone watu watasema nini badala ya kubishana sisi.

#55 dogo_kibanda_umiza
Spika zipo. Ila muwaambie kabisa hakuna Chelsea.

#56 Wakili_wa_Kata
Kibali mama. Na ruhusa ya mwenye filamu.

#57 Mkazamwana_Kilifi
Anzeni na The Letter.

#58 Mtetezi_wa_Sangara
Mwanza nzima imeteseka na Darwin's Nightmare halafu muonyeshe ya Kilifi? Wekeni hiyo hiyo, na mapanki yakaangwe pembeni.

#59 Zeru_na_Fahari
Kwa watoto ile ya sangara hapana, kuna watoto wanavuta gundi mle na mengine.

#60 Kisanganien_1
Boti ya Hamadi. Mwanza muko na maji, batasikia.

#61 Fundi_wa_Harusi
Projekta ninayo ila jenereta langu dogo linabeba projekta na laptopu tu, spika za dogo zitalizima. Nani ana la kuanzia kilowati tatu? Na mafuta ni ya nani?